Tabaka la Kumi na Nne

Kabati la kugandishia udongo lilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha maabara, kati ya mashine ya kuvunjia zege na mlango wa kutokea kwenye maegesho. Kwa nje lilifanana na friji kubwa ya bucha. Ukifungua mlango wa maegesho mwezi wa Julai, lami ilikuwa laini chini ya soli, na watu walishika vitasa vya magari yao kwa pindo la shati. Ukifungua mlango wa kabati, ulikutana na asubuhi ya Makete, kwetu milimani.

Nilifika Doha kwa njia ndefu. Baada ya kidato cha nne nilikaa kijijini miaka miwili, kisha nikaondoka na sikutulia tena: Mbeya kwenye mashine ya mbao, Dar es Salaam bandarini, Mombasa, halafu Muscat nikiendesha gari la nyumba ya mtu. Doha nilianza kwa kulinda shamba huko Umm Salal. Nikachoka na ukimya wake, nikabahatika kuhamia kampuni ya kupima udongo. Miaka ile kila siku palichimbwa shimo mahali fulani, na kila shimo lilihitaji mtu wa kuchukua udongo wake na kuupeleka maabara. Nilibeba mchanga wa kisiwa cha Pearl, nikabeba mawe ya chokaa ya Al Wukair, nikaoka, nikachekecha, nikapima. Sikuwahi kuisomea kazi hiyo, lakini mikono yangu iliijua tangu siku ya kwanza. Walioniuliza nilijifunzia wapi niliwaambia nimezaliwa na wakulima.

Mwaka mmoja yakaletwa mapipa manane ya bluu, yamefungwa kwa lakiri. Yalitoka nchi ya milima, mbali kaskazini, ambako maji ya mto huganda miezi minne. Ofisi yetu ilikuwa imepewa kazi ya kuchora bwawa la udongo huko. Pamoja na mapipa alikuja injinia, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenyeji wa milima hiyohiyo, mwenye masharubu mazito na sweta ambayo hakuivua hata siku moja.

Mudiri wetu, mkuu wa maabara, alitukusanya. Akauliza nani kati yetu amewahi kuona ardhi ikiganda. Wenzangu walikuwa watu wa Kerala, Dhaka na Khartoum. Nikanyoosha mkono peke yangu, wakacheka.

"Wewe?" mudiri akasema. "Si umetoka Afrika?"

"Kwetu viazi huungua kwa barafu," nikamwambia.

Yule injinia akageuka. "Huungua vipi?"

"Usiku ukiwa hauna wingu, asubuhi unakuta majani meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto."

Akaniangalia kidogo. "Nipeni huyu," akasema.

Hivyo nikawa mtu wa kabati. Tulishindilia udongo ndani ya bomba fupi nene, tabaka juu ya tabaka, tukauingiza kwenye baridi. Juu ya bomba palikuwa na baridi kali; chini tuliweka sinia la maji ambayo hayakuruhusiwa kuganda. Juu kabisa tulifunga kipimo chenye mshale, kama saa ndogo. Kazi yangu ilikuwa kusoma mshale huo kila baada ya saa chache na kuandika. Kila niliposoma, ulikuwa umesogea.

"Udongo unapanda," nikamwambia injinia. Nilidhani nimekosea kufunga kipimo.

"Unapanda, ndiyo. Watu hudhani baridi hugandisha yale maji yaliyomo tu, basi. Sivyo. Huyaita na mengine. Yanatoka chini, yanapanda kidogokidogo mpaka yaifikie."

Siku ya tano tukautoa, tukaupasua kwa msumeno. Ndani palikuwa na nyuzi nyeupe za barafu zimelala bapa, moja juu ya nyingine, kama kurasa za kitabu kilicholowa. Msumeno ulipozikata zililia kwa sauti ya mtu anayetafuna sukari guru. Sauti ile niliifahamu. Ilinishuka mpaka miguuni, kwa maana ni miguuni ndiko nilikoisikia mara ya kwanza.

Injinia akaweka kipande mezani, akanywa chai. Alipomaliza kikombe, kile kilichokuwa jiwe kilikuwa uji.

Alipenda kunichorea. Nadhani hakuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza bila haraka. Nyuma ya karatasi za vipimo alichora bwawa lake: tuta refu, na katikati yake kiini cha udongo wa mfinyanzi wa kuzuia maji. Kiini hicho alikikomesha chini, mahali ambapo baridi haitakifikia, na juu yake akaweka mchanga mnene na changarawe, kwa sababu changarawe haijui kunywa maji. Upande wa maji aliweka mawe makubwa, maana barafu ya ziwa husukuma kama ng'ombe anayetaka kutoka zizini. Upande wa nyuma aliweka chujio la mchanga na mfereji wa kutolea maji yanayopenya, mdomo wake akauzika chini sana usije ukaziba kwa kuganda, maji yakajaa tumboni mwa tuta.

"Na wakati wa kujenga?" nikamwuliza.

"Hapo ndipo watu huharibu. Jioni funika udongo wako. Asubuhi kwangua yote iliyoguswa na barafu, ufikie udongo mzima, ndipo uweke mwingine juu. Tabaka moja tu likifunikwa na barafu yake, umeacha njia. Maji yataitafuta. Yana muda kuliko wewe."

"Muda gani?"

"Mwaka. Miaka ishirini. Kwa nini?"

"Nauliza tu, injinia."

Nilikuwa naishi Al Wukair, chumba kimoja na Mzanzibari aliyepika hotelini kule Pearl. Jioni ile aliniwekea wali, akaniona siugusi.

"Yakhe, mji mzima huu unakimbilia baridi, weye unarudi nayo nyumbani. Hebu lete mkono. Ona, kama samaki wa juzi."

"Nimechoka tu."

"Umechoka na friji? Mie nasimama mbele ya moto saa kumi nzima, sijanuna."

Nilitamani kumweleza. Lakini ningeanzia wapi?

Kijiji chetu kilijenga bwawa la udongo nilipokuwa nimetoka shule. Lilikuwa dogo, la kumwagilia bustani na kunyweshea ng'ombe wakati wa ukavu. Tulilijenga msimu wa baridi kwa sababu ndipo watu walipokuwa wamemaliza kuvuna. Kina mama walibeba udongo wa mfinyanzi kichwani kutoka bondeni. Ng'ombe walikokota pipa lililojazwa zege kushindilia katikati, na pembeni, pasipofikiwa na pipa, vijana walishindilia kwa magogo yenye mishikio. Bwana maji kutoka wilayani alipita mara moja kwa wiki. Alitufundisha lilelile: jioni funikeni kwa nyasi, asubuhi kwangueni.

Huko kwetu udongo huota sindano usiku. Ni sindano za barafu, nyembamba, urefu wa kucha, na kila moja imebeba punje ya udongo kichwani, hivi kwamba asubuhi ardhi yote imeinuka kidogo na iko wazi chini yake. Nyasi zilisaidia, hazikumaliza. Palihitajika jembe.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa na kidato cha nne, nilifanywa karani wa matabaka. Nilikuwa na daftari la shule. Nilichora safu: namba ya tabaka, siku, na safu ya mwisho niliyoiandika "Limekwanguliwa". Hapo niliweka alama ya vema. Kiongozi wa washindiliaji alikuwa kijana aliyenizidi miaka mitano, mtu wa mabega na maneno machache. Baadaye alimwoa dada yangu. Nitamwita shemeji, ingawa wakati ule hakuwa bado.

Asubuhi ya tabaka la kumi na nne tulikuta udongo umeshaletwa tangu jana yake, umeshatiwa maji na kukandwa, umelundikwa chini ya magunia. Jua lilikuwa halijatoka. Ndipo tukamwona mwanamke ameshuka njia ya juu na kusimama mbali kidogo, chini ya mwinuko. Alikuwa shangazi yake shemeji. Khanga yake alikuwa ameifunga kichwani kwa namna ambayo kwetu hakuna asiyeielewa.

Desturi ya pale kijijini ni kwamba mleta habari ya kifo hapigi kelele. Husimama mbali na watu wa kazini, mpaka mmoja wao aende kumpokea. Ukishaambiwa, jembe lako haligusi ardhi tena mpaka mazishi yaishe, isipokuwa kuchimba kaburi. Na shemeji mama yake alikuwa amelala mgonjwa wiki tatu.

Kama mmoja wetu angekwenda kumpokea, udongo ule ungelala siku tatu au nne kwenye barafu na kuharibika wote, na ulikuwa umebebwa na vichwa vya mama zetu. Kama hakuna anayekwenda, basi hatujaambiwa. Tukaanza kazi. Tulitandaza na kushindilia upesi kuliko siku zote, migongo ikiwa imemwelekea. Yeye akasubiri. Shemeji naye alishindilia, kichwa chini, gogo likipanda na kushuka. Hakugeuka hata mara moja.

Hatukukwangua. Hakukuwa na nafasi ya kukwangua. Chini ya miguu yetu sindano zilivunjika kwa ile sauti ya sukari guru, zikafunikwa.

Tulipomaliza nikatoa daftari. Nikaandika kumi na nne, nikaandika siku, na kwenye safu ya mwisho nikaweka vema. Shemeji alilaza gogo lake chini kwa uangalifu kama mtu anayemlaza mtoto, akafuta mikono kwenye suruali, akapanda kwenda kwa shangazi yake.

Bwana maji alipokuja wiki ile alipiga tabaka kwa kisigino. Lilikuwa gumu. Akasaini chini ya vema yangu.

Nikaondoka kijijini mwaka uliofuata. Nimejaribu kusema niliondoka kutafuta maisha, na ni kweli. Lakini kila mji niliofika palikuwa na siku nilimwona mwanamke amesimama mbali, kituoni, au ng'ambo ya barabara, khanga imefungwa vile, akinisubiri niende kumpokea. Ndipo nilipokuwa natafuta mji mwingine. Umm Salal nilimwona mara mbili kati ya mitende. Nilikuwa najua ni kivuli. Nilihama hata hivyo.

Ijumaa iliyofuata baada ya kupasua ule udongo, nilimpigia dada yangu. Yeye na shemeji walijenga chini ya bwawa, hatua chache kutoka mguu wa tuta, kwa sababu ndiko kulikokuwa na ardhi nzuri. Tuliongea ya watoto, ya bei ya mbolea, ya baridi. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka jambo jema:

"Mwaka huu hata majani ya ndama sihangaiki. Pale nyuma ya bwawa pamekuwa kijani, kaka. Ukavu huu wote, pale kijani. Namfunga hapohapo asubuhi, jioni ameshiba."

"Pale wapi?"

"Katikati ya mteremko, upande wa mashariki. Mungu ametuona."

Nilikuwa nimeketi kitandani. Nikamwuliza kama pana unyevu. Akasema ndiyo, mguu unazama kidogo, ndiyo maana nyasi ni laini. Nikamwambia kadi inaisha. Kadi haikuwa inaisha.

Siku mbili sikula. Jumapili nikamfuata injinia chumbani kwake, nikamwuliza mtu afanye nini akiona nyasi mbichi nyuma ya bwawa wakati wa ukavu.

Aliweka kalamu chini. "Bwawa la nani?"

"La dada yangu."

Hakuuliza zaidi. Alivuta karatasi. Wasijaribu kuziba pale panapotoka, akasema, maji yatatafuta mlango mwingine. Wayapunguze bwawani, polepole. Juu ya pale palipolowa waweke mchanga, kisha changarawe, kisha mawe, ili maji yatoke lakini udongo ubaki. Halafu wajue tabaka lenyewe liko wapi, walifukue, walijenge upya wakati usio na barafu. "Kwanza kabisa, achukue maji yale kwenye glasi. Ayaache yatulie. Yakiwa safi, mna muda. Yakiwa na tope chini, bwawa linabebwa kidogokidogo, na wasilale chini yake."

"Na kama hawajui tabaka liko wapi?"

"Watabomoa lote. Au hawatafanya kitu. Mara nyingi hawafanyi kitu."

Nilimpigia dada siku hiyohiyo, mchana. Nikamwambia achote maji pale alipofunga ndama, ayaweke kwenye glasi dirishani, asiyaguse.

"Ya nini? Umekuwa mganga huko Uarabuni?"

"Fanya, dada. Nitapiga kesho."

Kesho yake alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. "Chini kuna kama uji," akasema. "Mwembamba, kama ukucha. Kaka, kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia sindano, daftari, alama ya vema. Nilimwambia wahamie kwa mama mdogo kule juu, leo, na ndama wamfungue. Sikumtaja mwanamke aliyesimama, kwa sababu asubuhi ile ilikuwa ya kifo cha mkwe wake, na sikujua kama mumewe aliwahi kumweleza. Nilisikia kuku wao.

"Miaka yote hii," akasema. "Ulijua tunajenga hapa. Ulituma na bati."

Ni kweli, nilituma.

Jioni shemeji akanipigia mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinisalimia, akaniuliza afya, akaniuliza kazi, kwa utaratibu wake wote. Kisha akasema, "Dada yako ananiambia unajua mahali."

"Tabaka la kumi na nne, shemeji. Tulijenga ishirini na moja, kwa hiyo ni la nane ukihesabu kutoka juu. Kuanzia bomba la kutolea maji uhesabu hatua thelathini kwenda mashariki. Ni pale ambapo pipa halikufika."

"La kumi na nne," akarudia. "Namba sikuikumbuka. Siku naikumbuka."

"Nisamehe, shemeji. Niliandika uongo."

"Wewe uliandika. Mimi viatu vyangu ndivyo vilivyovunja zile sindano. Ulidhani sikusikia?" Akapumua. "Nilikuwa najisemea, nikimaliza hili tu. Nikimaliza hili tu nitakwenda kumpokea shangazi. Kana kwamba mama alikuwa ananisubiri nimalize."

Alipokata, sikujua kama tumeagana.

Waliyafungua maji taratibu, wiki nzima. Waliweka mchanga na changarawe kama alivyochora injinia. Nilimsomea dada mchoro kwa simu, mstari kwa mstari, na yeye akamsomea mumewe. Kijiji kiliuza ng'ombe kadhaa kwa kukosa maji ya kunywesha, na bustani za ukavu ule zilikufa. Oktoba, baridi ilipokwisha na mvua hazijaanza, walifukua kutoka juu. Dada alinieleza kwamba walipofika la nane, jembe lilizama lenyewe. Shemeji aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Juu udongo mgumu, chini udongo mgumu, katikati laini kama unga wa chapati uliokandwa.

Jambo moja sikulijua mpaka walipokaribia kumaliza. Kwenye mkutano wa kijiji watu waliuliza nani aliharibu, na daftari lilikuwa limepotea zamani. Shemeji alisimama akasema ni yeye. Msiba ulikuwa wake, na ndiye aliyewaongoza watu kushindilia bila kukwangua. Hakunitaja. Walimtoza siku za kazi kwenye tuta, nyingi kuliko mtu yeyote, na akazifanya.

"Mbona hukusema?" nilimwuliza dada.

"Alinikataza. Alisema wewe uko mbali, jina lako ndilo pekee lililobaki hapa."

Nilisema nitapiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilisema hivyo Oktoba, nikasema tena Krismasi. Sikupiga. Injinia alirudi milimani kwake na mapipa yake, kabati likazimwa, likawekewa mafaili. Nilibaki Doha miaka mitatu zaidi, muda mrefu kuliko mji wowote. Kila fomu ya maabara ilikuwa na kisanduku cha kuweka vema na mahali pa saini. Wenzangu walinitania kwamba naitazama fomu kama mtu anayesoma barua ya posa. Nilikuwa narudi mezani, napima upya, ndipo nasaini.

Juni iliyofuata ukarabati dada alinipigia mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya malalamiko.

"Zile nyasi za nyuma ya bwawa zimekauka. Ndama sina pa kumpeleka."

"Zimekauka zote?"

"Zote. Hata pale katikati palipokuwa kama bustani. Pamekuwa pagumu, mpaka pana vumbi. Na bwawa limejaa, hebu fikiria. Maji tele huku, vumbi huku."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akidhani simu ni mbaya. Nikampa pole, nikamwambia asalimie. Mzanzibari alipoingia kutoka kazini alinikuta nimekaa sakafuni, simu mkononi, uso umelowa. Akasimama mlangoni, hakusogea.

"Kuna msiba, yakhe?"

"Hapana," nikamwambia. "Nyasi zimekauka."